Majimoto kwenye mikorosho: shajara ya shamba la Mkuranga, Juni 2024 hadi Machi 2025

Shamba lina mikorosho arobaini na kitu, na miembe michache upande wa mashariki, Mkuranga, mkoa wa Pwani. Mradi ni kuwahamishia majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona viota vya majani juu ya miti, kwenye mikorosho wawinde wadudu badala ya sisi kupiga dawa. Naandika kwa ajili ya mwenye shamba anayetaka kufanya hivyohivyo kwake, kwa hiyo bei nimeziweka, na palipokwama ndipo nimekaa zaidi. Kukata matawi, kufunga kamba na kulisha ni kazi anayoijua kila mkulima. Kinachosumbua ni kwamba majimoto wana wa kwao na wa nje, na wa nje hakaribishwi. Karibu kila hatua iliyo hapa chini imezunguka jambo hilo.

9 Juni 2024: Kilichopo shambani

Mikorosho inaanza kuchipua, na machipukizi tayari yana madoa meusi ya mbu wa mikorosho. Mdudu huyu hufyonza utomvu wa chipukizi changa, ncha inakauka, na msimu wa maua unapofika tawi halina la kutoa. Kwenye miembe hali ni tofauti. Miembe ina majimoto, na huko nzi wa matunda wanasumbua kidogo kuliko kwa majirani wasio nao. Ukisogeza mkono kwenye shina unapata jibu lako papo hapo: wanauma, kisha wanapinda tumbo na kukumwagia asidi pale walipong'ata.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wachina waliwauza sokoni majimoto wa Asia, ndugu wa hawa wetu, wakiwa ndani ya viota vyao, ili wawekwe kwenye michungwa, na maandishi ya habari hiyo yana zaidi ya miaka 1,600. Huku kwetu, M. J. Way alifanya kazi Zanzibar miaka ya 1950 akaonyesha kwamba minazi yenye majimoto inaokoka na mdudu anayefyonza nazi changa. Mdudu mwenyewe leo anaitwa Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Miaka ya karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Aarhus, Denmark, wamewafuatilia majimoto kwenye mikorosho na miembe ya Tanzania. Kwa hiyo sianzi kitu kipya. Naanza kitu ambacho sijaona mwongozo wake wa mkulima kwa Kiswahili.

Vifaa vya kuanzia: mkasi wa matawi wa mpini mrefu, 45,000, viroba kumi, 10,000. Majivu ya kupaka mikononi hayauzwi, yapo jikoni.

23 Juni: Viota vya kwanza, na vita

Tulikata viota alfajiri, majimoto wakiwa bado wazito kwa baridi. Vingine vilitoka kwenye mwembe wetu, vingine kwenye mchungwa wa jirani, kama nusu kilomita kutoka hapa. Kila kiota kiliingia kwenye kiroba chake, mdomo ukafungwa. Saa moja asubuhi vyote vilikuwa vimening'inizwa kwenye mkorosho mmoja mkubwa wa katikati, viroba vimefunguliwa, na kikopo cha maji ya sukari kimewekwa kwenye panda. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: viota vingi, walinzi wengi.

Saa tatu mkorosho ulikuwa uwanja wa vita. Nilisogeza uso hadi karibu na tawi moja nione. Majimoto wawili walikutana uso kwa uso, wakapapasana kwa papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, kufumba na kufumbua, kisha wote wakainua matumbo juu na kufungua mataya. Mmoja alimkamata mwenzake mguu. Wengine wawili wakaja, mmoja akashika papasi, mwingine akashika kiuno, wakamvuta kila mmoja upande wake hadi amenyooka kama nguo inayokamuliwa. Hawakumwachia. Walikaa hivyo muda mrefu, na juu ya tawi zima kulikuwa na mafungu ya namna hiyo. Mchana chini ya mti palikuwa na maiti za kuzoa kwa kiganja, na waliobaki walikuwa wanateremka shina kwenda kusikojulikana.

Mzee jirani, yule mwenye mchungwa, alikuja kuangalia, akacheka. "Mwanangu, umewakutanisha watu wasiojuana halafu umewapa nyumba moja. Unataka wafanye nini?"

Hasara: vibarua wawili 30,000 na bodaboda 8,000.

Mzee alisema kweli, na sayansi iko upande wake. Mwili wa sisimizi umepakwa tabaka jembamba la mafuta ambayo wanakemia huyaita haidrokaboni. Mafuta hayo yanamkinga asikauke, lakini mchanganyiko wake pia ndio kitambulisho chake. Aina za mafuta zinafanana ndani ya spishi moja. Kinachotofautiana kati ya koloni na koloni, yaani kati ya ukoo wa malkia mmoja na wa mwingine, ni kiasi cha kila moja. Harufu hii si ya mmoja mmoja. Wanalambana, wanapeana chakula mdomo kwa mdomo, na mwisho wake koloni nzima inanuka kitu kimoja, kikiwa kimechanganyika urithi wa malkia, chakula na mahali wanapoishi. Anayenuka tofauti ni adui hata kama ni spishi ileile, kwenye shamba lilelile.

Mwaka 2005 Mamiko Ozaki na wenzake wa Japani walionyesha jambo ambalo bado linanishangaza. Kwenye papasi za sisimizi wa aina ya Camponotus kuna vinyweleo vya kunusa ambavyo vikiguswa na mafuta ya mwenzake wa koloni havisemi kitu. Vikiguswa na mafuta ya koloni nyingine, vinapeleka taarifa. Maana yake ni kwamba harufu ya nyumbani haimshtui kabisa. Mgeni ndiye anayesikika.

Kwa mkulima hili lina maana moja tu: kabla hujakata kiota cha pili, ujue kama ni cha koloni ya kile cha kwanza.

14 Julai: Kipimo cha beseni

Hapa ndipo palipokula muda, na kama utaiga kitu kimoja kwenye shajara hii, iga hiki.

Kwa maneno, kipimo ni chepesi. Chukua majimoto wachache kutoka kiota kimoja na wachache kutoka kingine, waweke pamoja, angalia. Wakipapasana na kupitana, ni wa koloni moja. Wakishikana, si wamoja. Kwa vitendo, toleo la kwanza lilitudanganya. Tulitumia chupa ya maji iliyokatwa shingo, ikafunikwa kwa kitambaa. Kila jozi tuliyopima ilionekana ni maadui. Nikapata wasiwasi, nikawaweka pamoja majimoto waliotoka kiota kimoja, tawi moja. Nao walikuwa wanahangaika na kuinua matumbo, na baada ya muda kidogo wakalegea wote. Nilipoifungua chupa, harufu kali ya siki ilinipanda puani. Walikuwa wamemwaga asidi kwa hofu ya kukamatwa, na mvuke wake ndani ya chupa finyu ulikuwa unawapiga wao wenyewe.

Tukahamia kwenye mabeseni meupe mapana, wazi juu. Tatizo jipya: wanapanda ukingo na kutoka. Poda ya watoto ikipakwa kavu inawazuia kwa dakika chache, halafu inaporomoka na kuwafunika, na jimoto aliyejaa poda hapigani wala hasalimii, anajisafisha tu. Dawa yake ilikuwa kukoroga poda kwenye spiriti hadi iwe kama uji mwepesi, kupaka ukanda wa vidole vitatu kwenye ukuta wa beseni, na kuuacha ukauke kabisa. Hapo miguu inateleza, na poda haidondoki.

Mambo mengine tuliyojifunza kwenye beseni. Chukua wale wakubwa wanaotembea njiani juu ya matawi, si wale wadogo wa ndani ya kiota; wadogo ni walezi na hawapendi ugomvi, watakupa jibu la uongo. Usiwashike kwa vidole, waache wapande kijiti. Waache watulie kila kundi upande wake, katikati ukiwa umeweka kipande cha kadibodi, kisha ukivute. Usioshe beseni kwa sabuni ya manukato kati ya jozi na jozi. Futa kwa spiriti. Na kila siku ya kupima, anza na jozi ya kiota kimoja kwa kiota hichohicho. Hiyo ikigombana, kuna kitu kibaya kwenye beseni, na majibu ya siku hiyo hayafai.

Majibu yalipotulia yalikuwa hivi. Mwembe wa 3 na wa 4, ambao matawi yake karibu yanagusana, ni koloni mbili zinazochukiana kufa. Mwembe wa 4 na mchungwa ulio ng'ambo ya njia, ambao nisingewahi kuuhisi, ni koloni moja: wanapita juu ya waya wa uzio. Miembe mitatu ya mwisho nayo ni koloni moja. Kiota kutoka kwa mzee jirani hakikuwa cha yeyote kati yao, ila ugomvi wao na wetu ulichelewa kidogo kuwaka kuliko ule wa mwembe wa 3 na wa 4. Sikuona ajabu, kwa sababu Newey na wenzake waliandika mwaka 2010 kuhusu majimoto wa Australia kwamba wanamchukia zaidi jirani kuliko mgeni wa mbali. Kwa wanyama wengi huwa kinyume: jirani mkishawekeana mipaka mnavumiliana. Kwa majimoto jirani ndiye anayeweza kukunyang'anya mti, na harufu yake wanaijua vizuri.

Gharama: mabeseni mawili 9,000, poda 4,000, spiriti 5,000.

4 Agosti: Kuhama kwa mpango

Tulichora ramani ya shamba, kila koloni kwa rangi yake. Mikorosho ya kaskazini ikapewa koloni ya miembe mitatu, ya kusini ikapewa ile ya mwembe wa 4. Kati yao tuliacha mstari mmoja wa mikorosho bila majimoto na kukata matawi yanayogusana. Kamba za katani zilifungwa kutoka mti hadi mti ndani ya eneo la koloni moja, ili wasilazimike kuteremka chini. Hakuna vita. Kesho yake walikuwa wameanza kukunja majani: msururu wa majimoto vibarua, yaani wafanyakazi wa koloni, wanavuta kingo mbili zikutane, na nyuma yao wengine wameshika mabuu mdomoni na kuwapitisha huku na huku, uzi unatoka kwa buu, jani linashonwa.

Kamba 24,000, watu wa kibarua 45,000.

25 Agosti: Kunguru

Tuliwawekea majimoto dagaa na vichwa vya samaki kwenye vibao juu ya matawi, ili wasiwe na sababu ya kurudi walikotoka. Kunguru wakaviona. Hawa ni wale wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani yote. Kijana anayenisaidia akawapiga manati, akampata mmoja.

Tangu siku hiyo, akiingia tu shambani, wanaanza. Mmoja anapiga kelele juu ya mnazi, wengine wanaitika, wanamfuata mti kwa mti huku wakimshukia kichwani. Mimi nikipita, kimya. Mke wa mzee jirani akipita, kimya. Kijana akabadilisha shati, haikusaidia. Akavaa kofia ya kuficha uso, kelele zikapungua.

Jambo hili lina jaribio lake maarufu. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzake waliwakamata kunguru wa huko wakiwa wamevaa kinyago cha mtu wa mapangoni, wakawafunga pete, wakawaachia. Baadaye kila aliyevaa kinyago kile alizomewa, awe mrefu au mfupi, mwanamume au mwanamke, na kinyago kingine ambacho hakikuhusika hakikuwashtua. Kwa miaka iliyofuata waliozomea walizidi, wakiwemo kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Walijifunza kwa wenzao na kwa wazazi.

Nimekaa nikilinganisha hawa wawili, kunguru na majimoto, kwa sababu wako kwenye mti mmoja na wanafanya mambo mawili tofauti kabisa. Kunguru anamjua fulani. Ameweka uso wa kijana huyu kichwani na hauchanganyi na wangu. Jimoto hamjui fulani yeyote. Anajua tu "wa kwetu" na "si wa kwetu". Unaweza kuondoa vibarua mia wa koloni asiwakumbuke hata mmoja. Si kwamba wadudu hawawezi kabisa kujua nyuso: nyigu wa Marekani aitwaye Polistes fuscatus ana michoro ya uso inayotofautiana, na Elizabeth Tibbetts alionyesha mwaka 2002 kwamba ukimpaka rangi usoni na kumbadilisha, wenzake wa kiota wanamshambulia kwanza kabla ya kumzoea upya. Lakini kiota cha nyigu yule kina wakazi wachache. Koloni ya majimoto iliyokomaa hufikia laki tano. Nyuso laki tano atazijua nani?

Pia tumemwona buibui mwembamba anayefanana na jimoto kwa umbo na mwendo, anatembea kandokando ya njia yao. Kijana alidhani ndivyo anavyowadanganya. Sivyo: jimoto halisi akimsogelea, buibui anakimbia. Umbo lile ni kwa ajili ya wawindaji wanaotumia macho, ambao wengi hawapendi kumla jimoto. Anayetaka kuwadanganya majimoto wenyewe inabidi adanganye pua. Buibui wa Australia aitwaye Cosmophasis bitaeniata anaweza: anaiba mabuu yao, anayala, na mafuta anayoyapata humo yanamfanya anuke kama mwenyeji.

Suluhisho letu kwa kunguru: chakula kinawekwa jioni, wakishaondoka kwenda malaloni, na ninakiweka mimi. Manati imepigwa marufuku. Sukari na dagaa hadi leo, 14,000.

22 Septemba: Shamba safi kupita kiasi

Mikorosho ya kusini imepoteza majimoto karibu wote, na si kwa vita vya koloni. Chini ya miti kuna sisimizi wadogo wa kahawia, askari wao wana vichwa vikubwa mno kwa miili yao. Ni Pheidole megacephala, adui wa siku nyingi wa majimoto kwenye minazi na michungwa ya pwani. Wanakaa ardhini na kupanda shina kwa maelfu. Jimoto mmoja ana nguvu kuliko mmoja wao, lakini hawaji mmoja mmoja.

Kilichowapa nafasi ni palizi. Mwanzoni mwa mwezi tulilipa 60,000 shamba lisafishwe hadi udongo uonekane, kama wanavyofanya wote kabla ya kuokota korosho. Seguni, Way na Van Mele walichapisha mwaka 2011 matokeo ya michungwa ya hapa Tanzania: penye majani chini ya miti majimoto wanashinda, penye udongo mtupu wanaoshinda ni vichwa vikubwa. Bila majani, ardhi yote inakuwa ya mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo naamini limechangia. Bert Hölldobler na E. O. Wilson waligundua mwaka 1977 kwamba majimoto wa Afrika wanaweka alama kwenye himaya yao kwa matone wanayoyatoa nyuma, na alama hizo ni za koloni husika. Wakikutana na adui juu ya ardhi yenye alama zao wanakuwa na nguvu zaidi ya kupigana. Majimoto wetu wa kusini walikuwa wageni wa majuma machache. Miti ilikuwa bado haijanuka kwao.

Tumerekebisha hivi: majani yanaachwa yaote, yanafyekwa kwa juu tu, na duara la kuokotea korosho linasafishwa mti kwa mti wakati wa kuokota, si mapema. Viota vipya kutoka mwembe wa 4 viliwekwa kwenye mikorosho minne tu iliyo karibu na uzio, tuisimamishe kwanza hiyo kabla ya kusonga mbele. Kamba za zamani tulizovua kutoka mwembe wa 4, zenye madoa yao ya kahawia, tumezifunga huko badala ya kamba mpya. Walizipita tangu asubuhi ya kwanza bila kusita. Kamba mpya huwa wanazizungukazunguka.

10 Novemba: Viota bila malkia

Kaskazini majimoto wapo, lakini wanapungua. Hakuna maadui, chakula kipo. Tukafungua kiota kimoja: vibarua wazee, mayai machache, na madume wenye mbawa. Hakuna mabuu ya vibarua.

Koloni ya majimoto kwa kawaida ina malkia mmoja, naye anakaa kwenye kiota kimoja kati ya vyote vilivyotapakaa kwenye miti kadhaa. Tulihamisha viota vingi, ila siyo kile chake. Vibarua wasio na malkia hutaga, lakini mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu. Kwa nje kiota kinaonekana kizima kwa miezi. Ukweli unauona ukifungua.

Kumtafuta malkia si kazi ya kupenda. Kwa kawaida yuko kwenye mti wenye viota vingi zaidi, juu, mahali palipo na pilikapilika kuliko kwingine. Kijana alikwea mwembe wa katikati kati ya ile mitatu, majivu hadi shingoni, mikono ya shati imefungwa kwa mpira. Alikata viota vya kileleni kimoja kimoja, mimi nikavikagua chini juu ya shuka jeupe. Malkia alipotoka hakuhitaji kutafutwa: mkubwa mara kadhaa kuliko kibarua, tumbo limejaa, na vibarua wamemfunika mwili mzima. Tulimhamisha na kiota chake chote hadi mkorosho wa katikati ya kaskazini, na miembe tukaiunganisha na mkorosho huo kwa kamba. Hakuna aliyegombana na aliyekuwepo, hata baada ya miezi mitatu ya kutengana.

Ukwezi 40,000, na kijana alistahili zaidi.

19 Januari 2025: Malkia wachanga na pupa wa kuazima

Kumhamisha malkia mzee ni kuchezea koloni nzima, akifa, umekwisha. Kwa hiyo wakati wa mvua za vuli tulijaribu njia ya pili. Malkia wachanga wakisharuka na kupandana hudondosha mbawa na kujificha kwenye majani yaliyojikunja. Tulikunja majani ya mwembe na kuyabana kwa vibanio vya nguo, wakaingia wenyewe. Kila mmoja alihamia kwenye kichupa chenye pamba ya maji, kikafunikwa kisiingie mwanga.

Malkia wa peke yake anachukua muda mrefu kupata vibarua wa kutosha, na kabla ya hapo chochote kinaweza kumla. Watafiti wa Benin walichapisha mwaka 2013 njia ya kumsaidia: mpe pupa, yaani watoto waliopita hatua ya buu lakini bado hawajawa sisimizi kamili, kutoka koloni nyingine. Mtu aliyesoma shajara hii kuanzia Juni atauliza, si wataaduiana? Hawaaduiani, na hapo ndipo habari ya harufu inapokamilika. Pupa bado hana kitambulisho chenye nguvu. Akitoka kwenye ganda lake anakuwa karibu hana harufu ya yeyote, na harufu anayojifunza ni ya pale alipotokea. Damu yake ni ya koloni ile, uraia wake ni wa hii.

Kundi la kwanza la vichupa lilitupa hasara. Tulimwaga pupa pamoja na takataka za kiota, na ndani yake walikuwemo vibarua wawili watatu wadogo, wazima, waliojificha. Hao tayari walikuwa raia wa kwao. Asubuhi malkia waliokuwa kwenye vichupa hivyo walikuwa wamekatwa miguu. Tukaanza upya kwa kuwatenga pupa mmoja mmoja kwa brashi laini ya rangi juu ya sahani nyeupe, kwenye mwanga wa kutosha, na kuwaacha kando kidogo kuhakikisha hakuna kinachotembea. Tunachagua wale wa rangi ya maziwa, si wanaoanza kuwa kahawia, maana hao wako karibu kutoka, wakitoka kwenye sahani watakuchanganyia mambo. Malkia waliopata pupa safi waliwapokea, wakawalamba, na sasa wana vibarua wanaowahudumia.

Vichupa, brashi na betri za tochi: 20,000.

23 Machi 2025: Hali ilivyo

Kaskazini, mikorosho yote ina viota vipya, na kwenye kila kiota tulichochungulia kuna mabuu madogo ya vibarua. Kusini, ile minne ya karibu na uzio imeshika, na majimoto wameanza kuvuka wenyewe kwenda kwa jirani zake. Mstari wa katikati bado hauna mtu, na matawi yake yamekatwa tena kwa sababu baada ya mvua yalikaribia kugusana.

Jumla ya matumizi tangu Juni ni 332,000, ikiwemo 32,000 ya sukari na dagaa kwa kipindi chote. Kati ya hizo, 38,000 za viota vya kwanza na 60,000 za palizi zilipotea. Ukifuata mpangilio wa hapa hutazitoa. Dawa hatujapiga, kwa hiyo korosho za msimu wa 2025 ndizo zitakazosema kama mbu wamepungua. Nimechagua mikorosho sita yenye majimoto na sita ya mstari mtupu. Kuanzia Juni nitahesabu machipukizi yenye madoa kwenye kila mmoja, na takwimu zitawekwa hapa.

Malkia wachanga watatoka kwenye vichupa masika yakitulia. Wataenda kwenye mikorosho ya magharibi, ambako hakuna koloni ya kugusana nayo, na vibarua wao watapimwa kwenye beseni dhidi ya koloni zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, kabla ya kamba yoyote kufungwa.